Mfarishi si Blanketi

Kuna kauli iliyozoeleka katika barza za washairi wetu, nayo imekaririwa mpaka imekuwa kama kanuni ya fani: kwamba kutunga ni sanaa, na kushona ni kazi ya mikono. Mwenye kutunga huitwa mtunzi. Hupewa kiti cha mbele, na siku akifariki huandikiwa tanzia na wenziwe. Mwenye kushona huitwa mama fulani. Hupewa ujira, na ujira wenyewe aghalabu huja kwa vipande, kama nguo anayoishona. Wenye kauli hii ni watu ninaowaheshimu, na wengine wao wamenizidi kwa umri na kwa ujuzi wa arudhi. Heshima yao iko pale pale. Kauli yao ndiyo ninayoipinga.

Shahidi wangu wa kwanza ni lugha yenyewe. Mtu hutunga shanga, hutunga maua ya asumini, hutunga samaki. Yaani hupitisha uzi katika vitu vilivyokuwa mbalimbali akavifanya kimoja. Shairi nalo likatungwa kwa neno hilo hilo. Ndani ya shairi twasema kipande, nacho tumekiazima kwa vitu vinavyoshikika. Ubeti asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya nyumba. Na wanaarudhi wa Kiarabu, tangu zama za Khalil bin Ahmad katika karne ya 8, waliviita viungo vya mizani yao kamba na vigingi, vitu vya hema. Hema la Bedui lilifumwa na wanawake. Mshairi anayemdharau mshonaji anakaa katika nyumba iliyofumwa na mwengine, kisha anamuuliza mwenyewe kama ana ruhusa ya kuingia.

Nataka kusema juu ya mfarishi, na nimelichagua neno hili kwa makusudi. Kamusi zetu zinalo, ingawa ndimi zetu zinalisahau. Mfarishi ni nguo ya kutandika au ya kujifunika yenye tabaka tatu: uso juu, bitana chini, na pamba katikati, zikashikwa pamoja kwa mishono midogo inayozipita zote. Uso huo waweza kuwa kitambaa kimoja, na waweza kuwa vipande mia. Mhariri mmoja aliwahi kunifutia neno hili katika tafsiri yangu, akaweka "blanketi la viraka", kwa hoja kwamba msomaji wa leo hatalijua jingine. Nilimwandikia kwamba blanketi hutoka kiwandani likiwa zima, na kiraka huziba tundu la nguo iliyotoboka. Mfarishi hauzibi tundu lolote. Hujengwa tangu mwanzo, kipande baada ya kipande, na kila kipande kimepewa mahali pake na mtu aliyefikiri. Asemaye "blanketi la viraka" amekwisha kutoa hukumu kabla hajaitazama nguo. Kitabu kilitoka na blanketi lake.

Mifano yangu nitaitoa Marekani, na najua nitaulizwa: Unguja na Alabama wapi na wapi? Jawabu liko sandukuni mwa bibi zetu. Kitambaa kile kigumu kisichopaushwa ambacho wazee walikiita marekani kilipata jina hilo kwa sababu kilitoka huko. Pamba ilichumwa na watumwa katika mashamba ya kusini ya nchi ile, ikafumwa katika vinu vya Massachusetts, ikapakiwa merikebu za Salem, ikateremshwa Unguja. Na kutoka hapa ikapanda bara kuwa fedha ya kununulia pembe na, tusijifiche, watu. Mkataba wa biashara baina ya Sayyid Said na Wamarekani ulitiwa saini Septemba 1833, na konseli wao wa kwanza alifika hapa mwaka 1837. Biashara hiyo ilikatika mguu pale vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipoizuia pamba. Waliochuma kule na waliovaa huku walikuwa katika uzi mmoja, wala hawakujuana.

Wajukuu wa wale wachumaji ndio washonaji ninaowasema. Gee's Bend ni kijiji cha watu weusi katika jimbo la Alabama, pahala ambapo mto wa jina hilo hilo unajikunja mpaka umekizunguka kijiji pande tatu. Mtu wa kisiwani atakielewa upesi. Jina la kijiji ni la bwana shamba wa mwanzo, Joseph Gee. Jina la ukoo linalobebwa na wengi wao mpaka leo, Pettway, ni la bwana wa pili, Mark Pettway, aliyelinunua shamba katika miaka ya 1840 na kuleta watumwa wapatao 100 kutoka North Carolina, wao wakitembea kwa miguu. Baada ya uhuru wao walibaki pale pale wakilima pamba kwa mkopo. Mwaka 1932 mjane wa mfanyabiashara aliyekuwa akiwakopesha alilidai deni la marehemu mumewe: wakachukuliwa wanyama, zana za kulimia, hata chakula cha ghalani, na msimu ule wa baridi watu waliuvuka kwa posho ya Msalaba Mwekundu. Na mwaka 1962, walipoanza kujaribu kujiandikisha kupiga kura, kivuko cha kuwapeleka mjini Camden kilisimamishwa. Kilirudi mwaka 2006. Hesabu mwenyewe.

Nimeyataja haya kwa sababu mtu hawezi kuusoma mfarishi wa Gee's Bend bila ya kuijua siku ya aliyeushona. Katika miaka ya 1930 na 1940, siku hiyo ilianza kabla ya jua. Kulikuwa na shamba la pamba, na la mahindi. Kulikuwa na maji ya kuteka, kuni, watoto, chungu, nguo za kufua. Nyumba zilikuwa za magogo na mbao, na upepo wa baridi ukipita baina ya ubao na ubao. Kuta zilibandikwa kurasa za magazeti ili kuuzuia. Sindano ilishikwa jioni baada ya yote hayo, na zaidi katika miezi ya baridi ambapo shamba limelala. Kitambaa kilikuwa suruali na ovaroli za kazi zilizochakaa, magauni yaliyopita wakati, magunia ya unga na ya mbolea. Uzi mara nyingine ulifumuliwa kutoka katika magunia hayo hayo. Pamba ya kati iliokotwa katika mabaki ya kinu cha kuchambulia, ikapigwa kwa fimbo mpaka ikalegea. Mwanamke aliyechuma pamba ya wenziwe mchana kutwa alijishonea usiku kwa ile iliyoanguka sakafuni.

Hapo ndipo wenzangu wa barza huniambia: basi wewe mwenyewe umeshasema, hii ni haja, si sanaa, alishona kwa sababu ya baridi. Ajabu kubwa. Na sisi je, hatujapata kutunga kwa sababu ya harusi, ya maulidi, ya siasa, ya mshindi wa ng'ombe? Haja gani imewahi kulifanya shairi lisiwe shairi? Bibi Loretta Pettway, mmoja wa mabingwa wa kijiji hicho, amewahi kueleza waziwazi kwamba yeye hakupenda kushona. Alishona kwa kuwa watoto walihitaji kufunikwa. Tazama basi mifarishi yake: mapande marefu ya rangi zilizokoza na zilizofifia yakisimama bega kwa bega, hapana pambo hata moja la kubembeleza jicho, na kila ukanda umekatwa upana ambao ukiuongeza kidole unaiharibu nguo nzima. Tumezoea kudhani kwamba kazi njema hutoka katika moyo unaoipenda. Huyu hakuipenda, na kazi ikatoka njema. Nani kati yetu aliyetunga kila beti kwa raha?

Wenye ujuzi wa arudhi ndio waliopaswa kuwa wa mwanzo kulifahamu jambo hili. Mtunzi wa utenzi hupewa mizani nane katika mshororo, si saba wala tisa, na hapana anayemwambia kwamba dhiki hiyo imemnyima usanii. Mguu wa suruali nao ni mizani. Una urefu wake na upana wake, una goti lililopauka kwa kupigwa magoti shambani, na pale palipokuwa na mfuko, mfuko ukifumuliwa, hubaki kivuli cha buluu iliyokoza kisichoonwa na jua. Mshonaji wa Gee's Bend hakificha kivuli hicho. Hukiweka pale anapotaka jicho lisimame, kama sisi tunavyokiweka kina cha kati. Mchoro wanaoupenda kuliko yote huitwa kwa jina lenye maana ya paa la nyumba: huanza na kipande kimoja katikati, kikazungushiwa ukanda, na ukanda mwengine, mraba ndani ya mraba, mpaka ukafika pindoni. Nyumba ya kwao, ubeti wa kwetu. Na anayetoka nje ya mchoro wa kurithi, akashona atakavyo, wao husema ameshona "kwa njia yangu". Sisi tumegombana miaka mingi juu ya vina na mizani na mashairi huru, tukaandikiana makali katika magazeti na vitabu. Wao walilimaliza shauri hilo kwa kuuanika mfarishi wa namna zote mbili juu ya kamba moja.

Na kamba hiyo ndiyo iliyokuwa jukwaa lao. Majira ya kuchipua yakifika, mifarishi ilitolewa nje ipigwe na jua, nao watu wakipita njiani wakitazama. Huyu ameona alivyofanya jirani yake, akarudi kwake akafanya vyengine. Hayo ni majibizano kama ya malenga wetu, ila hapana aliyemtukana mwenziwe.

Mfarishi mmoja nauweka mbele ya wote. Mwaka 1942 Bibi Missouri Pettway alifiwa na mumewe. Alizichukua nguo zake za kazi, zile alizolimia, akamwita binti yake Arlonzia, msichana wa miaka chini ya ishirini, amsaidie kuzichana, na akazishona mfarishi. Arlonzia alikuja kulisimulia jambo hilo akiwa mtu mzima: kwamba mama yake alitaka kumkumbuka mumewe na kujifunika chini ya nguo zake kwa mapenzi. Nguo yenyewe haina nakshi. Ni mapande makubwa ya buluu na kijivujivu na rangi ya gunia, yamechujuka kwa jua, kwa jasho na kwa kufuliwa, na mishono yake haikunyooka. Wala hazikutakwa zinyooke. Katika lugha yetu kazi ya namna hii ina jina: ni tanzia. Ina marehemu wake, ina mwenye kulia, ina ufundi unaokizuia kilio kisimwagike ovyo. Nimesoma tanzia nyingi zenye vina kamili katika kurasa za majarida yetu, na chache mno zimekaa karibu na maiti kama hii.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kila mfarishi ni mzuri. Ipo iliyojazwa rangi ovyo, kama yalivyopo mashairi ya vina vitupu. Ninachodai ni kwamba mfarishi uhakikiwe. Uambiwe mbaya ukiwa mbaya, na sababu itolewe. Leo hatuuhakiki, tunausifu tu kama tunavyomsifu mtoto aliyejifunga viatu mwenyewe.

Sifa nazo zina mambo yake. Mwaka 2002 mifarishi ya Gee's Bend ilioneshwa katika jumba la sanaa la Houston, kisha Whitney Museum ya New York, na mwaka 2006 ikatiwa katika stempu za posta za Marekani. Magazeti ya New York yaliisifu kweli kweli, ila hayakuweza kuisifu peke yake: ililinganishwa na Matisse, ikalinganishwa na Klee. Ikawa kama mkopaji anayetakiwa kuja na wadhamini wawili, wote wanaume, wote Wazungu, na wote wamekufa. Hapana aliyeuliza kama Klee angeweza kuutengeneza uso wa nguo kwa suruali mbili na gunia, taa ikiwa imebakiwa na mafuta kidogo.

Kuna sifa nyengine mbaya kuliko hiyo, kwa sababu yenyewe ni tamu. Mwaka 1999 kilitoka kitabu kilichodai kwamba michoro ya mifarishi ilikuwa alama za siri, zikianikwa uani kuwaelekeza watumwa waliokuwa wakitorokea kaskazini. Hadithi ikaenea mashuleni, ikaandikiwa vitabu vya watoto. Wanahistoria waliochunguza hawakupata ushahidi wake, si katika simulizi za waliotoroka wala katika mifarishi yenyewe. Michoro mingine iliyotajwa haijulikani kuwapo kabla ya vita vya 1861. Kwa nini basi watu waliipokea kwa shangwe? Mimi naona ni kwa kuwa hawakuridhika kwamba mwanamke mtumwa alikaa akapanga rangi kwa sababu alikuwa na jicho la rangi. Lazima awe amebeba ujumbe wa mtu mwengine. Akiwa tarishi wanamwelewa. Akiwa mwenye kufikiri hawamwelewi.

Sisi wa pwani tusiwacheke, maana maradhi hayo tunayo. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Yahesabu makala yaliyoandikwa juu ya kanga na washairi, nami nimo: karibu yote yanalisema jina. Methali gani, fumbo gani, nani kamkusudia nani. Kama kwamba nguo imepata heshima kwa kuwa imebahatika kubeba maneno yetu. Mji wake umepangwa vipi, pindo lake limeukaliaje, kwa nini nukta tatu hapa na embe pale, mbona nyekundu hii inatulia na ile inapiga kelele, hayo tunawaachia wanawake wabishane dukani, na hatujui kwamba ule ubishi wa dukani ni uhakiki. Tunasahau pia kanga ilikotoka. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa miji yetu walinunua leso za kuchapwa zikiwa bado hazijakatwa, wakazishona pamoja, tatu juu na tatu chini, wakapata vazi ambalo hakuna mfanyabiashara aliyewahi kulifikiria. Yaani walishona vipande. Wafanyabiashara walikuja baadaye wakaiga kwa mashine. Vazi letu tunalojivunia kuliko yote lilianzia katika sindano ya mtu ambaye jina lake hatukulitafuta.

Faith Ringgold wa Harlem, aliyefariki mwaka 2024, alikosa mchapishaji wa kumbukumbu za maisha yake, akaanza mwaka 1983 kuziandika hadithi zake juu ya mifarishi. Kitabu kilikuja kuchapishwa 1995. Lubaina Himid, aliyezaliwa Unguja mwaka 1954 na kupata tuzo ya Turner huko Uingereza mwaka 2017, amechora kwa miaka mingi michoro yenye umbo la kanga. Hao wanatajwa hata katika barza zetu siku hizi. Wametajwa, lakini, baada ya kupita kwenye majumba ya sanaa. Ambaye hakupita huko bado ni mama fulani.

Na umama fulani una bei yake. Harriet Powers alizaliwa utumwani Georgia mwaka 1837, mwaka ule ule konseli wa Kimarekani aliposhuka Unguja. Mfarishi wake mmoja, wa visa vya Biblia, aliuonesha katika maonesho ya pamba mjini Athens mwaka 1886. Mwalimu mmoja wa uchoraji, Jennie Smith, alitaka kuununua; Harriet akakataa kwa bei yoyote. Miaka michache baadaye maisha yakabana, akaupeleka mwenyewe. Aliomba dola 10. Alipewa dola 5, na akazipokea baada ya mumewe kumshauri hivyo. Kabla ya kuondoka alimweleza mnunuzi kisa cha kila kipande, na baadaye alirudi mara kadhaa kuutazama mfarishi wake katika nyumba ya watu. Leo uko Smithsonian mjini Washington. Mwengine, ulioko Boston, una vipande 15, na katika kimoja nyota zinaanguka: ule usiku wa Novemba 1833 ambao vimondo vilinyesha mpaka watu wakadhani Kiyama kimefika, miezi isiyotimia miwili baada ya mkataba wa Sayyid Said. Harriet hakuwa amezaliwa; aliupokea usiku huo kutoka kwa waliouona, akauweka kitambaani. Tenzi zetu zimefanya nini zaidi ya hilo? Kwa miaka mingi iliaminiwa kwamba hakujua kusoma. Barua yake ya 1896, iliyotolewa hadharani na mtafiti Kyra Hicks mwaka 2009, ilionesha kwamba alijua, na kwamba alikuwa na hesabu ya kazi zake mwenyewe.

Dola tano zile zilipatikana kwa kuwa mfarishi uliitwa nguo. Lau ungeitwa mchoro, bei ingetajwa kwa namna nyengine. Huko Gee's Bend vivyo hivyo. Mwaka 1966 wanawake wa eneo hilo waliunda ushirika wa kushona, wakapata soko katika maduka makubwa ya New York; ujira ulikuja, na watu wakajenga. Lakini maduka yalitaka mifarishi inayofanana, mishono ya kupimwa, mchoro ule ule mara mia. Katika miaka ya 1970 walipata kazi ya kushona foronya za koduroi kwa kampuni ya Sears, na yaliyobaki ya koduroi, manjano ya haradali na kijani ya parachichi, wakaenda nayo nyumbani wakashona yao. Foronya zimekwisha kutupwa zamani. Ile ya mabaki ndiyo iliyoning'inizwa Whitney. Na mwaka 2007 wanawake watatu wa kijiji walikwenda mahakamani wakidai kwamba hawakupata haki yao katika mauzo na katika bidhaa zilizochapwa michoro yao. Waliodaiwa walikanusha, na mwaka 2008 pande mbili zikamalizana. Sitii neno juu ya nani alikuwa na haki. Natia neno juu ya wakati: ugomvi juu ya jina na haki ya mtunzi ulianza pale tu kazi ilipoitwa sanaa. Kabla ya hapo hapakuwa na cha kugombania, maana "kazi ya mikono" haina mwenyewe.

Ndiyo maana silioni suala hili kuwa la maneno tu. Visiwani hapa, Unguja na Pemba, wako wanawake wanaoshona kofia kwa mkono. Kofia moja ya kazi njema huchukua miezi, maana tundu hushonwa moja moja, mzunguko kwa mzunguko, baina ya kupika na kulea na kumuuguza mkwe. Mafundi hawa wana michoro waliyoirithi na michoro waliyoibuni. Wenyewe kwa wenyewe wanajuana: humwonesha mmoja wao kofia naye akakwambia imetoka mkono wa nani. Kisha kofia huingia dukani. Hapo jina la mshonaji hukatika kama uzi, na la muuzaji ndilo linalobaki. Mnunuzi husifiwa kwa kuvaa. Mwenye duka husifiwa kwa kuwa na mali safi. Mimi nimehudhuria hafla za mashairi ambapo ukumbi mzima ulikuwa umevaa miaka mingi ya macho ya wanawake vichwani, na hapana ubeti uliowagusa.

Wenzangu watasema: hivyo wataka tufanye nini, tuwape tuzo? Tuzo hazina haja. Nataka mambo madogo yanayowezekana kesho asubuhi. Jarida likichapa picha ya kofia, au ya mkeka wa ukili, au ya kanga ya zamani, litaje aliyeshona, aliyesuka au aliyechora, kama linavyomtaja mpiga picha. Asipojulikana iandikwe kwamba alitafutwa, na itajwe alitafutwa wapi. Mwenye kuhakiki diwani tatu kwa mwaka ahakiki kofia moja: mchoro wake, urari wake, pale mkono ulipochoka na pale ulipopata nguvu tena, maana huonekana. Na anayeandaa hafla ya ushairi amwalike mshonaji, lakini si kuja kupika. Aje na kazi yake aieleze kipande kwa kipande, kama Harriet Powers alivyoieleza kabla hajaiacha, na alipwe nauli na posho ile ile anayolipwa malenga.

Majibu nayasubiri katika toleo lijalo, na najua kalamu zitakuwa kali, nimezoea. Ila kila atakayenijibu namwomba aanze na hili, kabla hajafika kwenye arudhi: hiyo kofia uliyoivaa, nani kaishona?